Mtu wa Kuachia Rili

Chennai, 14 Januari 2025

Dada yangu Shamshad,

Salaam aleikum na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, sukari imetulia, na Mauwa jirani yako bado anakuja kukuchungulia kila asubuhi kabla hajaenda sokoni. Mie sijambo. Jawad mwanao yuko salama kwa kiasi cha mtu anayeumwa figo, amekusalimu sana, ingawa unamjua, salamu zake ni maneno mawili.

Naandika kwa sababu uliapa hutaisikia tena sauti yangu, na kiapo chako nakiheshimu. Karatasi haina sauti. Bi Ummulbanin, yule wa jamaati anayesindikiza wagonjwa kuja huku na kurudi, amekubali kutubebea barua kila anaposafiri, maana hicho kisimu chako cha kitochi kikipokea ujumbe mrefu kidogo kinazimia.

Safari ilikuwa nzuri. Rubani alitoka mwenyewe kuja kumuuliza Jawad kama kiti kinamfaa. Tumepanga chumba karibu na hospitali, kwa mjane mmoja wa Kitamil anayeitwa Mama Vasantha. Asubuhi anatupikia mikate ya mchele, wanaiita idli, laini ajabu, na kila mmoja ukubwa wake ni tairi la lori la Kurasini. Nimekula sita. Halafu kuna dosa, ambayo ukianza kuila mezani ncha yake ya pili bado iko jikoni inaiva. Mkubwa wa madaktari alipomwona Jawad alisema hajapata kuona mgonjwa mwenye mifupa imara namna ile, akawaita wenzake waje kumtazama.

Mama Vasantha ana Kiingereza kidogo na mie nina kidogo, kwa hiyo tunaelewana. Juzi nilimsimulia jinsi marehemu baba alivyomnasa papa kwa kilemba chake kule Kimbiji. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye sari, akaniambia naachia rili. Ndivyo wanavyosema Watamil mtu akianza kutia chumvi kwenye habari. Akanionyesha kwa vidole jinsi uzi unavyofunguka kwenye rili, unaenda tu, haukatiki. Kwetu ningeambiwa napiga kamba, au vijana wangesema napiga fiksi. Nimevuka bahari nzima, na kabla wiki haijaisha wameshanijua.

Kuhusu figo usihangaike. Nitampa mie. Wamenipima wakakuta figo zangu ni za kijana wa miaka ishirini, moja walitaka kuiweka kwenye kabati la vioo wanafunzi waione. Kwa hiyo hilo limekwisha. Tuletee achari ya maembe.

Ndugu yako,
Bandali

*

Chang'ombe, Temeke
9 Februari 2025

Bandali,

Waaleikum salaam. Barua yako imenifikia imekunjwa ndani ya nguo za Bi Ummulbanin, inanukia bizari. Sie hatujambo. Joto la mwezi huu halisemeki, umeme unakatika na maziwa yanaharibika. Mauwa anakusalimu. Mume wake Nikodemu bado anachonga pale Mwenge, amepata kazi ya twiga wengi wa kupeleka nje, na anasema tangu ufunge duka lako la msasa na vanishi wachongaji wanahangaika. Achari nimeweka makopo mawili. Lile dogo ni la Jawad, halina chumvi, usiliguse.

Daktari wangu nimemwendea tena. Amerudia yale yale, mtu mwenye kisukari kama changu hawezi kutoa figo, hata kwa mwanawe. Nililia pale pale mbele yake.

Sasa nikwambie. Nilimsomea Mauwa barua yako, akacheka mpaka akakaa chini. Mie sikucheka. Nilipofika pale uliposema utampa wewe, niliikunja nikaiweka chini ya kopo la sukari, nikaendelea kukanda unga wa sambusa. Nakuuliza swali moja, Bandali. Ni nani anayetoa figo? Usiniambie ni wewe katikati ya idli na tairi la lori. Habari ya rubani na habari ya figo umeziandika kwa kalamu moja, na mie nitazitofautishaje?

Unajua kwa nini nauliza. Faizan mume wangu alitoka nyumbani asubuhi ile bila kuniaga, nikiwa nimemfokea kwa kukalia miwani yangu. Mchana akaanguka kwenye yadi ya makontena Kurasini. Ukaja wewe, ukaniambia umemkuta akiwa na fahamu, amekushika mkono, amesema, "Mwambie Shamshad nimemridhia." Unajua radhi ya mume ni kitu gani kwa mjane. Nililala na maneno yale, nikaamka nayo, nikayasimulia kwa wanawake wenzangu kwenye hitima. Kwenye hitima ya mwaka, Edgar aliyefanya kazi naye akaja kula nasi, akasema bila kujua kwamba Faizan alikata roho kabla hujafika getini. Ulinipa radhi, halafu nikanyang'anywa mbele za watu.

Mwanangu nikimpigia anasema, "Niko sawa, mama." Yeye ananipa kidogo mno, wewe unanipa kupita kiasi, na mie niko hapa sijui kama anapona au anakufa.

Nimeanza kutafuta mwenyewe. Nusaiba, binti wa marehemu baba mdogo, amekubali kutoa. Ana watoto wadogo na wakwe zake wamenuna, ila ameshaanza kushughulikia pasi ya kusafiria. Kama una neno la kweli, nifikishie kabla hajapanda ndege.

Naandika nimevaa ile miwani uliyonitengenezea mwaka ule. Kioo kimoja kimeingia mkwaruzo, lakini bado kinaona.

Shamshad

*

Chennai, 2 Machi 2025

Dada Shamshad,

Salaam aleikum. Achari imefika. Lile kopo dogo sikuligusa, nililitazama tu. Mama Vasantha ameionja ya kwangu akasema ungezaliwa huku wangekujengea sanamu. Mwanawe wa kike anaolewa mwezi ujao na nyumba imejaa maua, huwezi kupita ukumbini bila kuvikwa shada.

Nimeisoma barua yako na imeniuma, sitaficha. Nilikwambia natoa figo, wewe umekwenda kumtafuta Nusaiba. Mtoto wa watu ana wanawe wadogo wa kulea, kisha unataka kumleta hapa apasuliwe kwa sababu humwamini kaka yako? Mrudishe kwa watoto wake.

Na ya Faizan unayarudia mpaka lini? Ulikuwa umekaa kwenye mkeka, umejifunika uso, huna hata chozi. Ulitaka nije mikono mitupu?

Kuna kamati hapa. Sheria yao inasema mjomba si ndugu wa karibu. Wa karibu kwao ni mzazi, mtoto, ndugu wa tumbo moja, mume au mke, na babu na bibi. Mwingine yeyote lazima akae mbele ya kamati, waone kama anatoa kwa mapenzi au amenunuliwa. Tumeshakaa nao. Dada, usiulize. Mwenyekiti alivua miwani akafuta macho. Walituletea chai. Walisema familia kama yetu hawajaiona tangu kamati ianzishwe, na karatasi inakuja wakati wowote.

Kwa hiyo tulia, ulale, unywe dawa zako. Jawad anakula vizuri.

Bandali

*

Chang'ombe, Temeke
21 Machi 2025

Bandali,

Waaleikum salaam. Futari ya mwezi huu naipika kwa mazoea tu, sina hamu nayo. Mauwa ameniletea mihogo. Nikodemu amejikata kidole kwa patasi, anaendelea vizuri. Habari za nyumbani zimekwisha hapo.

Jana nilimpigia Jawad nikamwambia nimefurahi kusikia kamati imepitisha. Akasema, "Bado, mama. Walituahirisha." Nilipomuuliza kwa nini, akasema nikuulize wewe, simu ikakatika, au aliikata.

Hakukuwa na chai basi. Mwenyekiti hakufuta macho.

Nimekaa na barua yako mapajani nikaisoma upya, neno kwa neno, natafuta hata moja lililo kweli. Nimefika mahali sijui hata kama huyo Mama Vasantha yupo. Unaelewa unachonifanyia? Mwanamke wa Kiislamu amekaa na saumu yake, anampekua ndugu yake wa tumbo moja mstari kwa mstari, mithili ya askari wa bandarini na mzigo.

Nusaiba amepata pasi. Mama mkwe wake alikuja hapa akasimama mlangoni, hakutaka kuingia, akaniuliza kama wajukuu wake wakibaki yatima mie nitawalea. Nilimkaribisha maji akakataa kwa sababu ya saumu, nikaona aibu hata kwa hilo.

Andika ndiyo au hapana. Ni wewe unayetoa figo? Kamati ilisema nini, na wewe ulisema nini mbele yao? Usinichekeshe. Ukiweka kichekesho hata kimoja kwenye barua ijayo sitaisoma, na Nusaiba ataondoka na ndege ya kwanza baada ya Idi.

Shamshad

*

Chennai, 10 Aprili 2025

Dada,

Salaam aleikum. Idi njema iliyopita. Jawad ana homa.

Ndiyo. Ni mie ninayetoa. Vipimo vilikubali tangu Januari. Hawakusema figo zangu ni za kijana, walisema zinatosha.

Kamati walituita mmoja mmoja. Mie waliniuliza uhusiano wangu na Jawad ukoje. Nikasema nimemlea tangu kuzaliwa, tumelala chini ya paa moja, hatujaachana hata siku moja, nilimbeba mgongoni kwenye mafuriko kumpeleka shule. Nilisema mengi. Nilidhani kadiri ninavyosema zaidi ndivyo watakavyoamini. Kisha wakamwita Jawad. Akasema mjomba alikuwa anakaa Mwenge, alikuwa anakuja nyumbani Ijumaa, na tangu mama akasirike hakanyagi tena kwetu. Wakamuuliza, kama haji kwenu miaka yote hiyo, kwa nini leo akupe kiungo chake? Jawad akanyamaza. Wakaniita tena, wakaniuliza yupi kati yetu ni mwongo. Nikasema mie.

Kuna jambo moja ambalo lingetusaidia na wote wawili hatukulisema. Tuliogopa lingekufikia. Hata hapa silisemi.

Wamefunga faili. Watalifungua wakipata barua ya mama mzazi, iliyosainiwa mbele ya wakili huko nyumbani, inayoeleza kilichopo kati ya mjomba na mtoto, na kwa nini mama na mjomba hawazungumzi. Kamati inakaa tena mwanzoni mwa Mei. Nusaiba naye si ndugu wa karibu kwa sheria yao, hivyo na yeye angeanzia mlango huo huo, na Jawad hana muda wa kuanza upya. Mshipa wa mkono wanaoutumia kumsafisha damu umeanza kuziba. Wameweka mpira shingoni, na homa inatokea hapo.

Mie sijui kusema jambo likaaminika. Wewe unajua. Andika ukweli, hata kama ni mbaya kwangu.

Mama Vasantha yupo. Ananisaidia kumkanda Jawad kwa maji.

Bandali

*

Chang'ombe, Temeke
26 Aprili 2025

Bandali,

Waaleikum salaam. Barua yako niliipata Bi Ummulbanin akiwa na siku chache tu kabla ya kurudi huko, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Mvua zimeanza, ua wa Mauwa umejaa maji. Nusaiba nimemwachia. Nilikwenda kwake mwenyewe kumwambia apumzike, akanikumbatia akalia, nikajua alivyokuwa anaogopa. Mama mkwe wake safari hii alinikaribisha ndani.

Barua ya kamati nimeiandika kwa Kiswahili, wakili atatafuta wa kuitafsiri na kugonga muhuri. Nakunakilia hapa uisome, usije ukasema kingine ukiitwa.

"Kwa waheshimiwa wa kamati. Mimi Shamshad, mama mzazi wa Jawad, nimeishi Chang'ombe maisha yangu yote ya ndoa. Bandali ni ndugu yangu wa baba mmoja na mama mmoja. Aliyowaambia mengi si kweli. Hakumlea Jawad. Hajalala kwangu isipokuwa siku za misiba. Mafuriko hayo siyajui. Ndugu yangu huongeza habari tangu utoto, na watu wote wa kwetu wanalijua hilo. Mume wangu alipokufa aliniletea maneno ya mwisho ambayo marehemu hakuyasema, nami nilipogundua niliapa kwa jina la Mungu kwamba sitaisikia tena sauti yake. Ndiyo sababu hatuzungumzi.

"Lakini mmeuliza kilichopo kati yake na mwanangu, nami nitawaambia nilichokiona kwa macho yangu. Mwanangu huenda msikitini mjini kila Ijumaa. Tangu nimfukuze ndugu yangu, kila Ijumaa nimepika biriani ya mbuzi ya watu wawili, nikaifunga kwenye hotipoti, nikampa Jawad aondoke nayo. Jawad hali nyama ya mbuzi tangu akiwa mtoto, inamtapisha. Hotipoti hurudi jioni mifupa imefyonzwa mpaka imekauka, na katika ukoo wetu anayefyonza mifupa namna hiyo ni mmoja tu. Mwanangu hakuniambia anakula na nani. Mimi sikumuuliza. Ijumaa hizo hazikukatika mpaka mwanangu alipoanza kuumwa, na hapo ndugu yangu alifunga duka lake Mwenge akaenda naye huko kwenu.

"Kama angenunuliwa, waheshimiwa, nchi nzima ingekuwa imeshajua, kwa sababu hajui kutunza siri yoyote isipokuwa hiyo moja."

Wakili aliisoma akaniuliza kama nina hakika nataka kuandika hivyo kuhusu kaka yangu. Nikamwambia agonge muhuri.

Kwa hiyo lile ambalo hukulisema, usihangaike kulisema. Ulidhani nilikuwa nampikia nani mbuzi?

Shamshad

*

Chennai, 13 Mei 2025

Dada yangu Shamshad,

Salaam aleikum na shikamoo. Binti wa Mama Vasantha ameolewa na nyumba imekuwa kimya. Homa ya Jawad imeshuka. Kopo lake la achari limekwisha, analamba kijiko.

Kamati imekubali. Waliniita, mwenyekiti akawa ameshika barua yako. Hakulia wala hakutuletea chai. Aliniuliza swali moja tu, biriani ya dada yako ikoje? Nikasema ni nzuri. Akasaini.

Upasuaji ni Ijumaa ya tarehe thelathini. Wanaanza na mie asubuhi, kisha Jawad.

Naogopa, dada. Wamenisomea yanayoweza kutokea, na mtu wa umri wangu mwenye moyo wangu orodha yake si fupi. Sikukwambia habari ya moyo. Jawad hajui, na nakuomba asijue mpaka tumalize. Nimeshaamua na sirudi nyuma, nakueleza tu ili nisiende na deni la maneno.

Na kwa kuwa naweza nisipate nafasi nyingine, nikwambie ya Kurasini kama yalivyokuwa. Nilipofika getini Faizan alikuwa ameshakata roho. Nilimshika mkono, ulikuwa bado una joto. Hakusema kitu. Kwenye mfuko wa shati mlikuwa na miwani yako, imefungwa kwenye leso yake, fremu imenyooshwa na skrubu mpya. Alikuwa ameshaipeleka kwa fundi asubuhi ile ile, kabla hajaingia kazini. Edgar alikuwa naye, muulize.

Niliitazama ile miwani nikaona haitoshi. Nikaona mjane hawezi kupelekewa miwani, lazima apelekewe neno. Nikalitunga njiani. Wiki moja baadaye nilipokupa ile miwani ulidhani nimekutengenezea mie, ukanishukuru, nami nikanyamaza.

Hayo ndiyo yote. Sijaongeza.

Bandali

*

Chang'ombe, Temeke
22 Mei 2025

Mdogo wangu Bandali,

Waaleikum salaam warahmatullah. Bi Ummulbanin anaondoka leo jioni na kijana wake yuko mlangoni na mabegi, kwa hiyo naandika haraka. Barua hii itakufikia kabla ya Ijumaa yenyewe, inshallah.

Nilikwenda kwa Edgar. Amezeeka, ameacha kazi ya yadi, anakaa Mtoni na mabinti zake. Sikumweleza chochote. Nilivua miwani nikamwekea mezani, nikamuuliza kama anaijua. Akaishika, akaigeuza, akasema Faizan alimkokota asubuhi ile mpaka kwa fundi wa Kariakoo, wakachelewa kazini wote wawili, wakafokewa. Akasema njia nzima Faizan alikuwa analalamika kwamba nina mdomo mkali, na kila walipokwama kwenye foleni anaipapasa mfukoni kuona kama ipo.

Bandali, nimeivaa ile miwani miaka yote hii. Nimesomea Kurani, nimechambulia mchele, nimekuandikia matusi nayo. Radhi ya mume wangu nilikuwa nimeitundika masikioni kwangu na sijui, kwa sababu wewe uliona ni kidogo. Nilipofika nyumbani nilikukasirikia upya, kwa saa nzima, kuliko siku ile ya hitima. Nilitembea ukumbini nikikutukana kwa sauti. Kisha nikakaa kwenye kile kiti ambacho Faizan aliikalia miwani, nikalia kama nilivyotakiwa kulia kwenye mkeka.

Nikaenda kwa maulana kumuuliza habari ya kiapo changu. Akaniambia kiapo cha kukata udugu hakishiki tangu mwanzo, sikuwa nimefungwa na kitu. Nikamwambia mie nilijiona nimefungwa, na nataka kufunguka kama watu wanavyofunguka. Akasema basi, ukipenda, lisha maskini kumi, ndiyo kafara ya kiapo.

Nimepika leo. Biriani ya mbuzi, sufuria la msiba, tumepikia kwenye ua wa Mauwa, Nikodemu amekuna nazi kwa kidole chake kibovu. Wamekuja wazee wa pale karibu na soko, mabibi wawili, na yule kipofu anayekaa nje ya msikiti. Nimewapakulia kwa mkono wangu. Nimewahesabu wakati wanaosha mikono, wote kumi wameshiba. Mie nilichukua mfupa mmoja nikaufyonza. Sikujua ulikuwa unaona utamu gani. Sasa najua.

Sikio langu liko huru. Jawad atanipigia Ijumaa kabla hajaingia kupasuliwa, aseme niko sawa, mama, na nitakuwa sijui kitu bado. Wewe ukiamka, na utaamka, mwambie Mama Vasantha akushikie simu. Usinisalimie. Usiniulize hali. Usiniambie kama inauma. Achia rili, Bandali, niambie hiyo figo ilitoka ikiimba kaswida, niambie madaktari wamepiga foleni kushika mkono wako. Anza na uongo wowote, nitajua uko hai.

Dada yako,
Shamshad